Mofongo ya Puerto Rico: mwongozo kamili wa kukaanga na kutwanga ndizi mbichi

Mofongo ni ndizi mbichi za mzuzu zilizokaangwa kisha zikatwangwa zingali moto, pamoja na kitunguu saumu, mafuta na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikawa kavu na ya kutafunika. Donge lake huliwa na supu ya kuku, au hufinyangwa kama bakuli na kujazwa kamba, pweza au nyama yenye mchuzi. Katika kisiwa cha Puerto Rico hakuna mji usiokuwa nayo. Vibanda na migahawa ya Piñones na Loíza, pwani ya mashariki ya San Juan, huiuza pamoja na vyakula vya baharini, na kwingine huletwa mezani ndani ya kinu kilekile kilichoitwanga.

Viungo vyake ni vichache, kwa hiyo anayekosea hakosei kwa kukosa kitu. Anakosea wakati na unyevu. Ndizi ikipoa kabla ya kutwangwa haishikani tena. Ikikosa mafuta na supu inakwama kooni. Karibu kila hatua hapa chini inahusu mambo hayo mawili.

Ndizi haikuota Amerika tangu asili. Inaelezwa kwamba padri Mhispania Tomás de Berlanga aliipeleka kisiwa cha Hispaniola mwaka 1516, akitoka nayo Visiwa vya Kanari, na kutoka hapo ikaenea visiwa vyote vya Karibi. Waliojua namna ya kuitwanga iwe chakula kizito cha kushibisha ni Waafrika waliopelekwa utumwani kutoka Magharibi na Kati ya Afrika. Msomaji wa Kongo anayekula fufu ya ndizi atautambua mkono huo mara moja. Mafuta ya zeituni, nguruwe na kitunguu saumu vilitoka Uhispania. Utumwa ulikomeshwa Puerto Rico mwaka 1873, na chakula hiki kikabaki kuwa cha wote.

Kuchagua ndizi

Tafuta ndizi ndefu, nene, yenye kona zinazoonekana, ganda la kijani kabisa na ngumu ukiibonyeza. Tanzania na Kenya hiyo ni mzuzu, au mkono wa tembo ile kubwa zaidi. Uganda ni gonja ambayo haijaiva. Kongo ni makemba. Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Ghuba utaipata katika maduka yanayouza vyakula vya Afrika Magharibi, Karibi au Amerika ya Kusini.

Usitumie ndizi za Bukoba au matoke kwa pishi hili. Ni tamu kwa mtori na kwa matoke yenyewe, lakini zina maji mengi na ulaini mwingi. Ukizikaanga na kuzitwanga unapata uji mzito, si donge lenye punje. Usichukue pia mzuzu iliyoanza kuwa ya njano. Katika ndizi mbichi karibu uzito wote usio maji ni wanga. Inavyoiva wanga hugeuka sukari. Sukari huungua haraka kwenye mafuta, nje huwa kahawia kabla ndani hakujaiva, na donge hunata na kuwa tamu. Ukinunua ndizi leo, zipike leo au kesho. Kwenye joto la pwani siku tatu zinatosha kuzibadilisha.

Vitu vya watu 4

Hesabu ndizi kubwa moja kwa kila mtu.

- ndizi mzuzu mbichi 4 (kilo 1.2 hivi pamoja na maganda)
- kitunguu saumu punje 8 kubwa, na nyingine 3 za maji ya kulowekea
- mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula
- ngozi ya nguruwe iliyokaangwa kavu, gramu 120
- chumvi kijiko 1 cha chai, mbali na ile ya maji ya kulowekea
- mafuta ya kukaangia lita 1 (alizeti au mengine yasiyo na harufu kali)
- supu ya kuku lita 1 na robo
- kamba gramu 600 pamoja na maganda, kama utajaza

Asiyekula nguruwe ana njia nzuri. Chukua gramu 300 za ngozi ya kuku, maana zaidi ya nusu ya uzito itayeyuka. Ikate vipande, itie chumvi kidogo na uiweke kwenye kikaango kikiwa baridi, kisha washa moto mdogo. Ndani ya dakika 20 hadi 25 mafuta yatatoka na ngozi itakauka na kuwa ya dhahabu. Ukianza na moto mkali ngozi hujikunja na kuungua huku mafuta yakiwa bado ndani. Mafuta yanayobaki usiyamwage: kijiko kimoja au viwili vinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mafuta ya zeituni wakati wa kutwanga. Hata Puerto Rico kwenyewe wako wanaopika mofongo bila nyama yoyote. Wao huongeza kitunguu saumu na mafuta.

Kuhusu vyombo, kinu cha mbao na mchi wake ndivyo vinavyofaa. Kile cha Puerto Rico, pilón, huchongwa kwa mti mgumu, na kina ukubwa wa kuingia ndizi moja iliyokatwa. Kinu cha kutwangia viungo kilicho nyumbani kinatosha kikiwa na mdomo wa sentimita 12 au zaidi. Huna kabisa? Tumia bakuli zito na mchi, au kiponda viazi cha mkono. Mashine ya kusagia hapana, na sababu yake inafuata mbele.

Sofrito na supu, kabla ya yote

Watu wengi huanza na ndizi, kisha ndizi zinapoa wakisubiri supu. Anza na supu.

Sofrito ndiyo roho ya jiko la Puerto Rico. Saga kwa kukwaruza, isiwe laini sana: kitunguu maji 1 kikubwa, pilipili hoho 1 ya kijani, kitunguu saumu punje 6, na fungu moja la majani ya giligilani, ambayo Kenya wanaita dania. Wenyewe huongeza ajíes dulces, pilipili ndogo zenye harufu kali ila haziwashi, na majani marefu yenye meno yaitwayo recao, yenye harufu ya giligilani iliyozidishwa. Ukiyakosa, ongeza nusu fungu la giligilani na hoho nyekundu nusu. Angalizo: ají dulce inafanana sana na pilipili mbuzi kwa umbo. Usidanganyike ukatia pilipili mbuzi sita. Mofongo si chakula cha kuwasha. Pilipili huwekwa mezani pembeni.

Kipimo hiki kinatoa vikombe viwili hivi. Utakayotumia leo ni vijiko sita vya chakula. Iliyobaki igandishe kwenye trei ya barafu, itakufaa kwa maharage na wali.

Kwa supu, weka gramu 700 za mabawa na migongo ya kuku kwenye sufuria, maji lita 1 na robo tatu, sofrito vijiko 2 vya chakula na chumvi kijiko 1 cha chai. Ikichemka punguza moto, toa povu, iache itokote taratibu dakika 50, kisha chuja. Onja. Supu iwe na ladha ya kutosha kunywewa peke yake, kwa sababu ndizi itainyonya na wanga wake utaififisha. Irudishe kwenye moto mdogo sana ikae moto hadi mwisho.

Kumenya

Ganda la mzuzu mbichi limeshikana na nyama yake na lina utomvu unaotia madoa meusi mikononi na nguoni, doa ambalo halitoki kwa kufua. Paka mikono mafuta kwanza. Kata ncha mbili, kisha chora kwa kisu mistari mitatu au minne kufuata kona za ndizi, kina cha ganda tu. Zamisha ndizi kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika na mkono kwa dakika 5 hadi 10. Halafu ingiza kidole gumba chini ya ganda na ulisukume kwenda upande, si kulivuta chini kama unavyomenya ndizi mbivu. Nyuzi za kijani zilizobaki ziparue kwa kisu. Zikiachwa huwa ngumu na chungu kidogo hata baada ya kukaangwa.

Kata vipande vya unene wa sentimita 2.5. Vyembamba zaidi ya hapo vitakauka kama kripsi na havitatwangika; vinene zaidi vitabaki vibichi katikati. Viweke kwenye maji lita 1 yenye chumvi kijiko 1 cha chakula na zile punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, kwa dakika 15. Maji haya yanazuia ndizi isiwe nyeusi na yanaifikishia chumvi ndani, mahali ambapo kunyunyizia baadaye hakufiki. Kisha zichuje na uzikaushe kwa kitambaa safi, kipande kwa kipande. Tone la maji kwenye mafuta ya moto linaruka, na kuungua si jambo dogo.

Kukaanga

Mimina mafuta kwenye karai au sufuria nzito, yasizidi nusu ya kimo chake. Joto linalotakiwa ni nyuzi 165 hadi 170 za Selsiasi. Bila kipimajoto, chovya mpini wa mwiko mkavu wa mbao: viputo vidogo vikizunguka mbao kwa utulivu, mafuta yako tayari, yakifoka kwa nguvu yamezidi, ondoa jikoni kidogo.

Tia vipande vya ndizi mbili kwa mara moja. Ukijaza karai joto linashuka, ndizi inakunywa mafuta na mofongo inakuwa nzito ya kuchosha. Kaanga dakika 8 hadi 12 huku ukigeuza. Unachotafuta ni rangi ya dhahabu hafifu, wala si kahawia. Ganda gumu la kahawia ni zuri kwa tostones, zile ndizi zinazobanwa na kukaangwa mara ya pili; kwenye mofongo linavunjika vipande vikali visivyolainika kwenye kinu.

Kujua kama zimeiva, toa kipande kinene kuliko vyote ukikate. Katikati pawe pa njano yote. Pakiwa na duara jeupe kama chaki, rudisha kwa dakika 2 na ushushe moto kidogo. Kipande kibichi kimoja kinatosha kuharibu donge zima, maana hakipondeki. Kinabaki kigumu na chenye utomvu.

Zitoe kwa kijiko cha matundu, zichuje mafuta sekunde chache, kisha moja kwa moja kwenye kinu. Ndiyo sababu kila kitu kingine kinapaswa kuwa mezani tayari: kitunguu saumu kimemenywa, ngozi imevunjwa vipande vidogo, supu inatoa mvuke.

Kutwanga

Twanga sahani moja kwa wakati. Wapishi wenye mazoea hawatwangi ndizi nne pamoja hata wakiwa na kinu kikubwa, kwa kuwa ya chini itakuwa imepoa kabla ya juu kuguswa. Mtu wa pili jikoni anasaidia sana: mmoja anakaanga, mmoja anatwanga.

Anza na punje 2 za kitunguu saumu na robo kijiko cha chai cha chumvi. Twanga hadi iwe laini kabisa. Chumvi inafanya kazi ya mchanga, inasaga nyuzi. Ongeza kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya zeituni, koroga. Kwa asiyependa ukali wa kitunguu saumu kibichi, kipashe kwenye mafuta hayo kwa moto mdogo dakika 2 bila kukiacha kibadilike rangi. Ila kumbuka, ndizi ya moto nayo inakipunguza makali.

Sasa tia vipande vya ndizi moja, vinne kwanza, ponda, kisha vilivyobaki. Mchi ushuke wima halafu usukume kidogo kando ya kinu ili chini kuje juu. Ikishikana nusu, tia gramu 30 za ngozi kavu na supu ya moto vijiko 2 vya chakula. Endelea. Ikionekana bado inapasuka, ongeza kijiko cha tatu. Supu iwe ya moto kweli, kwani iliyopoa inagandisha wanga kabla haujashikana.

Simama mapema kuliko unavyodhani. Mofongo nzuri ina punje: unaona vipande vidogo vya ndizi, unakutana na ngozi inayovunjika jinoni, na bado donge linakaa bila kumomonyoka. Ukitwanga hadi laini, chembe za wanga hupasuka, wanga wake unatoka, na unapata gundi. Mashine ya kusagia inafanya kosa hilohilo ndani ya sekunde kumi, na gundi hiyo hairudi nyuma.

Onja chumvi sasa. Kisha bonyeza donge ndani ya bakuli dogo lililopakwa mafuta, ligeuze juu ya sahani. Kwa ya kujaza, tengeneza shimo katikati kwa mchi ukiacha ukuta wa sentimita 2. Weka mahali penye joto na ulifunike, kisha nenda kwenye sahani inayofuata.

Kamba kwa mchuzi wa criollo, yaani wa kienyeji wa Puerto Rico

Menya kamba, toa mshipa mweusi wa mgongoni, kausha, tia chumvi na pilipili manga. Maganda na vichwa usitupe: vikaange kwa kijiko cha mafuta dakika 3 hadi viwe vyekundu, tia maji vikombe 2, chemsha dakika 20, chuja. Zaidi ya hapo maganda huanza kutoa uchungu.

Rangi ya mchuzi huu inatokana na mbegu za achiote, ambazo Waswahili wanaziita mzingefuri na ambazo pwani ya Kenya zinalimwa kwa biashara. Pasha nusu kikombe cha mafuta na vijiko 2 vya mbegu kwa moto mdogo dakika 3 hadi 4, mafuta yawe ya machungwa mazito, kisha chuja mara moja. Mbegu zikiwa nyeusi mafuta yamekuwa machungu. Mwaga uanze upya. Bila mzingefuri tumia mafuta ya kawaida na paprika kijiko kimoja cha chai, na usitie bizari ya manjano, inabadilisha ladha yote.

Kwenye kikaango, mafuta ya mzingefuri vijiko 2, sofrito vijiko 4 vya chakula, moto wa wastani dakika 5 hadi maji yakauke na harufu ibadilike kutoka ubichi. Tia nyanya ya kopo vijiko 2, kaanga dakika 2, mimina kikombe kimoja cha maji ya maganda, acha kipungue hadi kishike mwiko. Tia kamba mwisho kabisa, dakika 2 hadi 3 tu; wakijikunja kama herufi C wameiva, wakijifunga duara wamepita. Zima moto, kamulia ndimu nusu. Jaza shimo, mchuzi umwagikie pembeni, na ukabidhi sahani moto.

Usiondoe ile supu ya kuku mezani hata kama umejaza. Bakuli dogo la supu kando ya kila sahani ni sehemu ya chakula: unamega, unachovya, unakula.

Ikiharibika

Inamomonyoka na ni kavu: ndizi ilipoa, au mafuta na supu havikutosha. Ikiwa bado vuguvugu inaokoleka kwa vijiko 2 vya supu inayochemka na kutwanga upya. Ikiwa imepoa kabisa, ipashe moto kwanza ikiwa imefunikwa, ndipo uongeze supu.

Inanata: imetwangwa kupita kiasi au ndizi zilikuwa zimeanza kuiva. Haina dawa kama mofongo, lakini finyanga vidonge ukavikaange.

Ina mafuta mengi: karai lilijaa au mafuta hayakuwa na joto. Mara inayofuata kaanga kidogo kidogo.

Imepooza: mara nyingi ni chumvi, na mara nyingi zaidi ni supu isiyo na ladha.

Wanaotaka kuepuka mafuta huchoma vipande kwenye oveni nyuzi 200 kwa dakika 25 hivi wakiwa wamevipaka mafuta. Inawezekana, ila ngozi ya ndizi inakauka, hivyo ongeza supu mara mbili na usitarajie ladha ileile. Ukizichemsha badala ya kukaanga umepika kitu kingine kizuri chenye jina lake: Jamhuri ya Dominika ndizi mbichi iliyochemshwa na kupondwa ni mangú, huliwa asubuhi na vitunguu vya siki, jibini ya kukaanga, salami na mayai, Kuba wana fufú de plátano.

Mofongo yenyewe haifungwi na ndizi. Puerto Rico wanaitwanga pia kwa muhogo uliochemshwa kisha ukakaangwa, na kwa shelisheli, ambalo wao wanaliita pana. Anayeishi Unguja, Pemba au Mombasa na ana mti wa shelisheli karibu ajaribu hili la pili: chukua tunda lililokomaa lakini gumu, menya, toa moyo, kata vipande vya sentimita 3, kaanga kwa joto lilelile dakika 7 hadi 9, twanga kwa vipimo vilevile ukipunguza supu hadi kijiko kimoja, kwa kuwa shelisheli ni laini zaidi.

Kilichobaki kikae kwenye friji siku 2, kimefunikwa. Kitakuwa kigumu kama tofali na hiyo si kuharibika, ni wanga kujifunga kwa baridi. Kikate vipande vya unene wa kidole, vikaange kwa mafuta kidogo hadi viwe vya dhahabu pande zote mbili, au vimege vidogo vidogo ndani ya supu ya kuku inayochemka dakika tano kabla ya kupakua.